Buti fupi za ngozi za mzee wako: geuza uone soli kabla hujaisifia ngozi

Naanza na aibu yenyewe. Mwezi wa nane tulikuwa Morogoro kwenye sendoff ya wifi yangu, baba Nasra katoa buti zake za kahawia kwenye boksi, zile nilizomnunulia Pasaka ya mwaka juzi kwa laki na themanini na tano, alikuwa kazivaa mara tatu tu maana anazionea huruma. Tumeingia ukumbini vizuri, tumeitwa mbele kutoa zawadi, nasikia ananinong'oneza "mama Nasra, kiatu kinanifia." Nageuka nyuma, kwenye vigae vyeupe vya watu kuna mabonge meusi kama keki iliyokauka, yamejipanga kuanzia mezani kwetu mpaka miguuni kwa bibi harusi mtarajiwa, na MC naye kashaona. Kisigino cha kulia kimeisha chote, cha kushoto kinafuata. Ngozi ya juu sasa? Inang'aa, haina hata mkunjo.

Nilivyoweka kwenye status nikajua siko peke yangu, watu kumi na moja wamenijibu yamewakuta, mmoja ilimkuta kwenye interview. Kwa hiyo leo sikuelezi habari za rangi na saizi, hizo unazijua mwenyewe. Kahawia iliyokolea inaenda na jinzi, kadeti na suruali ya ofisini, tumemaliza. Mimi nina neno moja tu, soli.

Maana tukinunua buti tunafanyaje? Tunanusa ngozi, tunaikunja, muuzaji anawasha kiberiti cha gesi anaichoma mbele yako uone haiungui, unatoa hela. Chini hakuna anayeangalia.

Fundi wangu wa Mwananyamala alicheka mpaka akaweka sindano chini. Akaibinya ile soli kwa vidole viwili ikamong'onyoka, akasema yeye anaziita soli za povu na anazipokea kila wiki. Jina lake ni poliurethani, kwenye lebo utaona PU. Ni laini, ni nyepesi, mguu unafurahi. Shida yake ni unyevu, yaani maji yaliyomo kwenye hewa yanaingia taratibu yanaikatakata kwa ndani, wataalamu wanaita haidrolisisi, na joto linaharakisha mambo, sasa we fikiria hali ya hewa ya Dar ilivyo. Na hapa ndipo paliponiuma, kutokuvaa hakusaidii kitu! Kiatu kinaoza ndani ya boksi hujakigusa, na ukikifungia kwenye mfuko wa nailoni ndio umekimaliza kabisa. Mimi nilikuwa nazitunza kumbe naziua. Zipo PU zinazohimili maji vizuri zaidi, lakini kwa macho huwezi kuzijua, na muuzaji atakuapia kuwa zake ndio hizo.

Kwa hiyo ukishika buti, pima uzito kwanza. Muuzaji akikwambia "dada hii nyepesi kama sponji" shtuka, mpira wa kweli una uzito wake. Bonyeza ukucha ubavuni mwa kisigino: mpira unarudi, PU iliyochoka inabaki na shimo au inanatanata au inakuachia unga. Kikunje uangalie pale vidole vinapojikunja kama kuna nyufa ndogo ndogo. Halafu tafuta tarehe. Buti za usalama za watu wa site, zile zenye alama ya EN ISO 20345, lazima ziandikwe mwaka zilipotengenezwa, na viatu vingi vya kawaida vina kiduara chenye namba chini ya soli au lebo ndani ya ulimi. Kiatu kilichokaa stoo miaka sita sio kipya hata kama bado kina karatasi zake.

Haya, orodha yangu, na upendeleo wangu sifichi.

Ya kwanza ni Clarks Desert Boot, na kama huna hela ya mpya basi ya mtumba. Nathan Clark alizianzisha mwaka 1950 baada ya kuona maofisa wa jeshi la Uingereza kule Burma wamevaa buti zilizoshonwa sokoni Cairo, kwa hiyo Afrika tuna mkono wetu humo. Kiatu chenyewe hakina mambo mengi, vipande viwili vya ngozi, matundu mawili kila upande, na chini soli ya krepu, mpira wa asili utokanao na utomvu wa miti, sio povu. Usichukue ya swedi, ile ngozi yenye manyoya manyoya, vumbi letu litakunyanyasa, tafuta ile ya ngozi laini waliyoiita Beeswax, inapigwa brashi inarudi. Zinakuja kubwa, shuka nusu saizi. Kasoro zinazo, nisiwadanganye: krepu inakuwa nyeusi kwa uchafu, inateleza kwenye vigae vilivyolowa, na ukiiacha ndani ya gari juani inakuwa kama bigijii. Lakini haitakumwagikia mbele ya wakwe. Nimepata ya pili pale soko la mitumba la Karume kwa elfu sitini, alianzia laki na ishirini, nikaondoka mara mbili ndio akaniita.

Ya pili ni Dr. Martens 1460, jina limetokana na siku ya kwanza kutengenezwa, tarehe 1 Aprili 1960. Soli ni ya PVC, plastiki, sio ile PU, na imeshikwa na mshono wa njano unaouona pembeni. Ni ngumu, wiki mbili za mwanzo zitamtoa mzee malengelenge, mnunulie na soksi nene. Kwenye suti ule uzi wa njano unapiga kelele, chukua yenye uzi mweusi.

Ya tatu ni za nyumbani, viatu vya Karanga kule Moshi, kiwanda cha ubia wa Magereza na PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Ngozi ni ngozi. Buti zake nyingi zimekaa kikazi zaidi kuliko kiofisi, ila kwa mtu wa kuzunguka mikoani ndio zenyewe. Hapa pia geuza, uliza soli ya hiyo unayochukua ni ya nini na imeshonwa au imegundishwa.

Buti za Chelsea, zile zisizo na kamba, za elfu thelathini na tano za barabarani: hapana.

Halafu wauzaji, jamani. Unaweka picha ya kiatu, watu arobaini wanauliza bei, unajibu "njoo DM". Kwani bei ni siri ya familia? Ukienda DM anakuangalia picha yako ya profaili kwanza ndio anataja. Mimi nilienda duka moja la mjini nimevaa dera nikaambiwa laki na ishirini, baba Nasra kaingia kesho yake na tai, buti ile ile, laki na tisini. Na hilo duka la aibu yangu nilirudi na mabonge yangu kwenye mfuko, kijana akanionyesha kwa kidole maandishi kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", akaongeza eti kosa letu tulizikalisha sana. Tulizikalisha! Yeye kazikalisha miaka mingapi kabla yangu? Muulize hilo kabla hujalipa, mzigo umeingia lini, uone anavyoanza kukohoa.

Kama yameshakukuta usitupe. Ngozi nzuri yenye soli mbovu ndio bahati, mpaka mimi siku hizi mtumbani naokota zilizomong'onyoka kwa elfu kumi na tano nampelekea fundi. Mwambie atoe povu lote, akwangue gundi ya zamani, aweke soli ya mpira na ashone kuzunguka, asigundishe tu. Zile za sendoff alinitoza elfu thelathini. Baba Nasra kazivaa leo kwenda kazini, zimekuwa nzito na ananung'unika, na kila akikanyaga vigae anageuka nyuma kuangalia.