TAHADHARI: taa ya LED ya matumbawe "wati 165" kwa pauni 79, nimepigwa

Wadau mnaofuga matumbawe huku Uingereza naombeni msome hii kabla hamjatuma hela. Hela imeniuma ndio, ila viumbe vilivyokufa vimeniuma zaidi.

Taa yenyewe ni lile boksi jeusi mnalolijua, LED 55, kila moja inasemwa ni wati 3, ndo wanazidisha wanapata 165. Siyo kwamba maboksi haya yote ni mabovu, kuna watu wamekuza mpaka Acropora, yale matumbawe magumu yanayotaka mwanga mkali, kwa boksi kama hilo, na mimi ndo nilifuata huko. Boksi lisilo na kasoro la aina hii likiwashwa fulu linavuta kama wati 100 mpaka 120, hiyo ni kawaida. Langu nililichomeka kwenye kipima umeme cha pauni 10, bluu na nyeupe zote nimezungusha mpaka mwisho, likasoma 58. Hamsini na nane jamani!

Na kwa macho hujui kitu, maana linawaka mpaka unafumba macho. Jicho letu linaona vizuri kijani na njano, matumbawe yanataka bluu, pale nanomita 420 mpaka 480 hivi, kwa ajili ya ule mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha. Kwahiyo mtu akikutajia lumeni elfu kumi hajakwambia chochote, lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu. Muulize PAR, yaani kipimo cha mwanga ambao mwani huo unaweza kuutumia, na imepimwa umbali gani, ndani ya maji au hewani. Tangazo la huyu aliyeniuzia liliandika PAR 250 bila umbali wowote. Nikakodi kipima PAR duka la samaki, sentimita 45 chini ya maji, katikati kabisa ya taa nikapata 38, pembeni 14. Matumbawe laini mengi yanataka kuanzia 50 hivi, Acropora ni 200 kwenda juu.

Sasa sikilizeni alivyonichezea. Wiki ya pili naona zoa (matumbawe laini madogo kama maua) zinarefuka shingo kutafuta mwanga, Acropora imegeuka kahawia, nikamwandikia. Akanijibu vizuri kabisa, ndugu yangu usiwe na haraka, matumbawe lazima yazoee taa mpya, anza asilimia 30 upandishe kidogo kidogo, nipe wiki 6. Ushauri wenyewe ni wa kweli, taa kali ukiiwasha ghafla inayaunguza, ndo maana nikamwamini. Kumbe anahesabu siku. Kwa sheria za huku ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara una siku 14 za kughairi baada ya kupokea mzigo, na kitu kikiwa kibovu una siku 30 za kukirudisha na kupewa hela yako yote. Wiki 6 zilipoisha kanibloku. Na hela nilimtumia moja kwa moja benki kwenda benki kwa sababu alisema atanipunguzia pauni 15 tukimalizana nje ya mtandao wa mauzo, ningelipa kwa kadi ningekuwa na pa kuanzia.

Halafu plagi. Nimeifungua, ndani HAMNA FYUZI. Plagi ya huku lazima iwe nayo, na hii inakaa juu ya maji ya chumvi, mikono yangu iko humo kila wiki na mwanangu wa miaka 6 ndo anayelisha samaki jioni. Hapo ndo nililia kweli.

Kwahiyo ukikuta picha za tangi zuri ambazo zipo kwenye matangazo mengine kumi, PAR bila umbali, bei inayoshuka ukikubali kulipa pembeni, na mtu anayekuomba wiki 6, achana naye. Ukishanunua popote pale, pima wati siku hiyo hiyo, usisubiri matumbawe ndo yakwambie.

Nimeripoti kwenye ule mtandao na benki, benki bado wanachunguza. Plagi nimeikata kwa mkasi. Zoa tatu zimepona, nimezisogeza juu karibu na maji yanapoishia kwa taa niliyoazimwa na jamaa, Acropora zote mbili zimebaki mifupa meupe.