Mother India ya Kiswahili: DJ kaua hesabu ya deni

Nyota moja. Nilitaka kuipa tatu kwa ajili ya Nargis, anayecheza Radha, mama wa hadithi hii, ila nikikumbuka sehemu ya deni mkono unarudi wenyewe.

Ni ile kopi ya picha la Kihindi la 1957 iliyotafsiriwa na DJ anayesimulia juu ya picha, ya kuwekewa kwenye flashi. Sauti safi, haikwami. Balaa liko kwenye baraza la kijiji. Mama mkwe wa Radha kakopa rupia 500 kwa mkopeshaji Sukhilala kugharamia harusi ya Radha, na hajui kusoma. Yeye anajua riba ni robo ya mavuno. Sukhilala anasema robo tatu, na wazee wanampa ushindi. DJ hapo anaiga kicheko cha Sukhilala, kisha anamalizia eti "wamekubaliana wagawane". Wagawane nini? Katika kila magunia manne, matatu yanakwenda kwa Sukhilala, na hiyo ni riba tu, zile 500 ziko palepale! Kausha damu, neno lenyewe tunalo. Usipoambiwa hivyo huelewi kwa nini Shamu, mume wa Radha, anahangaika na shamba la mawe mpaka jabali linamponda mikono, wala kwa nini mwana wao Birju akikua anachoma madaftari ya mkopeshaji. Unamwona kichaa tu. Na Kanhaiyalal, mwigizaji wa Sukhilala, alishamcheza 1940, mwongozaji Mehboob Khan alipoitengeneza hadithi hii mara ya kwanza. Unamfunikaje na utani?

Nyimbo nazo zimefyekwa. Picha kamili inakaribia saa tatu, hii ni mbili na dakika chache. Wimbo wa Radha kuwasihi wanakijiji wasihame baada ya mafuriko haupo, kwa hiyo watu wanafungasha, mara unawaona wanalima. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aicheze kuanzia mwanzo. Usipomwona Radha akiwa bibi kizee, kashika bonge la udongo, ni hiyohiyo mbovu, na maji mekundu ya mfereji kule mwisho hutayaelewa.

Ila haki yake nimpe. Radha anapomwelekezea mwanawe bunduki, DJ kanyamaza. Tumezoea steringi hafi, halafu mama anafyatua, na jamaa hatii neno. Hapo alistahili nyota nne. Basi, tatu.

Birju anakufa mikononi mwa mama yake, kamrudishia bangili zake zilizokuwa rehani, na juu ya bangili hizo inapita namba ya simu ya DJ kwa maandishi ya njano. Moja. Nimerudisha moja.