Pikapu gani ya gitaa ununue ukiwa Arusha au Moshi: kuanzia ya kwanza mpaka ya kuiacha dukani

Wakuu, machalii wengi wanaopiga gitaa kanisani na kwenye bendi za harusi hapa mjini wanauliza swali moja, gitaa langu sauti imefubaa au linanguruma sana, nibadilishe pikapu gani, yaani kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi? Na mara nyingi anayeuliza ameshachagua tayari, ameona video ya jamaa wa metali huko Marekani anasifia pikapu kali basi na yeye anaitaka hiyo hiyo. Nawapangia hapa kwa mpangilio, kuanzia kitu ambacho ningetolea hela kwanza mpaka kile ambacho ningekipita, na mpangilio huu umefuata muziki tunaopiga huku kwetu.

Maana huku tunapiga nini? Sebene kanisani, dansi, zilipendwa kwenye sendofu, kwaya. Kwenye hayo yote solo inatakiwa iwe safi, kila nota isikike ilipoanzia na ilipoishia, na rizimu ikae mahali pake bila kumfunika mwenzake. Sikiliza bendi ya Simba Wanyika, ndugu wale wa Kinyonga walioianzisha walitoka Tanga wakapita hapa hapa Arusha wakiwa na Arusha Jazz kabla hawajahamia Kenya mwaka 1971, magitaa yanapishana na kila moja unalisikia linaongea lake. Sauti ya namna hiyo huipati kwa pikapu yenye nguvu kubwa, unaipata kwa pikapu ya wastani, na hilo ndo jambo ninalotaka ulishike kabla hujatoa hata shilingi.

Pikapu yenyewe haina mambo mengi, ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unazalisha umeme mdogo kwenye ule waya, umeme huo ndo unaoenda kwenye ampi. Waya ukizungushwa mara nyingi zaidi nguvu inaongezeka ila ile sauti ya juu, ile inayokata, inapungua na katikati kunajaa. Ndo maana pikapu kali ikipigwa bila distosheni (ule mkwaruzo wa roki) inasikika nzito, imeziba.

Sasa namba moja kwenye orodha yangu sio pikapu, ni seti ya nyuzi mpya na bisibisi. Najua unataka kununua kitu ila nisikilize. Pikapu ina skrubu pembeni za kuipandisha na kuishusha, na magitaa mengi ya bei nafuu yanakuja zimekaa ovyo. Bana uzi kwenye freti ya mwisho kabisa alafu pima kutoka juu ya sumaku mpaka chini ya uzi, anza na milimita 2 upande wa uzi mnene na kama milimita 1.5 upande wa uzi mwembamba, alafu sogeza kidogo kidogo huku unasikiliza. Hambaka (pikapu yenye koili mbili, yaani mizingo miwili ya waya) ya shingoni iache chini zaidi kidogo, mpaka milimita 2.4 hivi, kwa sababu uzi unatikisika sana pale. Ukiwa na singo koili (pikapu za koili moja) za sumaku ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti) usizisogeze karibu mno, sumaku inauvuta uzi, unasikia nota inayumba kama haijatuniwa, na watu wanaanza kulaumu briji (kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa) bure. Kazi hii ni nusu saa na inabadilisha sauti kuliko mtu anavyotegemea.

Namba mbili nayo sio pikapu, na hapa nitakaa kidogo maana ndo tatizo kubwa la huku. Makanisa mengi gitaa halina ampi, linachomekwa moja kwa moja kwenye mikseri. Pikapu ya kawaida umeme wake ni dhaifu, inataka mlango ambao hauivuti, mlango wa ampi ya gitaa una ukinzani wa kama megaomu 1, wakati mlango wa laini wa mikseri mara nyingi uko kilo-omu 10 mpaka 20 tu. Ukichomeka hapo sauti ya juu inakufa, nguvu inashuka, na hata uweke pikapu ya dola mia bado itafubaa vile vile kwa sababu tatizo liko nje ya gitaa. Angalia kwanza kama mikseri ya kanisa ina kibonyezo kimeandikwa Hi-Z (yaani ukinzani mkubwa), kama kipo tumia chaneli hiyo. Kama hakipo, hela ya pikapu nunua DI boksi, kile kiboksi cha kuunganisha gitaa na mikseri, na chukua ile inayotumia betri au umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikseri, maana zile zisizotumia umeme kabisa ukinzani wa mlango wake bado ni mdogo kwa pikapu ya kawaida. Na ule waya mrefu unaotoka madhabahuni mpaka kwa fundi mitambo nyuma ya kanisa nao unakula sauti ya juu, DI boksi ikae karibu na mpigaji, waya mrefu uanzie hapo. Mzee wa kanisa akikataa kutoa hela ya DI mwelezeni kwa upole kwamba haimhusu mpiga gitaa mmoja, hata besi itaitumia.

Ukishamaliza hayo na bado sauti haijakuridhisha, sasa twende kwenye pikapu.

Ya kwanza kununua, kama gitaa lako ni la umbo la Strato (Fender Stratocaster) lenye singo koili tatu, ni seti ya singo koili za alniko 5 za bei ya kati. Magitaa mengi ya kuanzia yana pikapu za chuma tupu juu na vipande vya sumaku ya seramiki vimegundishwa chini, zinafanya kazi ila sauti yake ni kavu, ina ukali fulani unaochoma sikio ukipiga solo za juu. Alniko inakuwa na kengele nzuri zaidi, nota inafunguka. Wilkinson na Tonerider wanatengeneza seti za namna hiyo ambazo hazifiki bei ya majina makubwa na kwa muziki wetu zinatosha kabisa. Hakikisha ya katikati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, ili swichi ikiwa nafasi ya pili na ya nne ngurumo ya umeme ijifute yenyewe. Nafasi hizo mbili ndo tamu kwa sebene, kwa hiyo unapata utamu na ukimya kwa pamoja.

Ila kabla hujanunua angalia gitaa lako ni lipi. Yamaha Pacifica 112V inakuja na alniko 5 tayari, Squier za Classic Vibe nazo zina alniko, mwenye hizo asikimbilie kubadilisha, tofauti utakayoipata ni ndogo kuliko hela utakayotoa. Mwenye Pacifica 012, hiyo ina seramiki, huyo namwambia aendelee kusoma.

Ya pili ni hambaka ya nguvu ya wastani, kwa mwenye gitaa la hambaka mbili au lenye hambaka moja kwenye briji. Hambaka ilibuniwa na Seth Lover pale Gibson mwaka 1955, koili mbili zimewekwa kinyume ili ngurumo ifutane, na huku kwetu ambako jenereta, taa za tyubu na spika zote ziko kwenye laini moja, ukimya huo una thamani kubwa. Tafuta yenye alniko 2 au alniko 5 na ukinzani wa kilo-omu 7 mpaka 9. Seymour Duncan '59 ndo mfano mzuri, na ikishapita kilo-omu 10 ujue unaelekea kwenye roki. Lakini usisome namba hiyo peke yake, waya mwembamba zaidi unaongeza ukinzani bila kuongeza nguvu kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo pikapu mbili zenye namba sawa zinaweza kupishana sana. Chukua yenye waya nne ili baadae ukitaka fundi akuwekee swichi ya kuzima koili moja, unapata na sauti ya karibu na singo koili kwa ajili ya rizimu. Na anza na moja tu, ile unayoitumia zaidi. Wapiga solo wengi wa huku wanakaa kwenye briji au katikati, sioni sababu ya kununua seti nzima wakati ya shingoni huigusi.

Majina makubwa ya Marekani moja inafika dola mia na kidogo, yaani kama laki mbili na nusu au zaidi, bado usafiri na kodi. Kama gitaa lenyewe ulinunua laki tatu, tulia, hela hiyo ongezea upate gitaa bora.

Ya tatu ni zile za umbo la singo koili ambazo ndani zina koili mbili, zimepandana au zimekaa ubavuni kwa ubavu. Zinaingia kwenye tundu lile lile bila kukata mbao. Sauti yake sio kengele kamili ya singo koili, lakini kama ukumbi mnaopigia unanguruma mpaka mchungaji anageuka kuangalia, hizi ni dawa. Nimeziweka ya tatu kwa sababu ya hilo tu, na kwa sababu kabla ya hapo unaweza kumwambia fundi abandike foili ya shaba ndani ya tundu la gitaa na kuiunganisha na waya wa athi, ngurumo inapungua kwa gharama ndogo sana.

Ya nne ni za betri, kama EMG. Zinatumia betri ya volti 9, ziko kimya, na faida yake kwetu ni kwamba zinaweza kwenda kwenye mikseri moja kwa moja au kwenye waya mrefu bila kufubaa. Kwa mpigaji anayezunguka kila jumamosi kwenye ukumbi tofauti, Njiro leo, Moshi kesho, asiyejua atakutana na mikseri gani, ningezipandisha kabisa mpaka ya pili. Shida zake ni bei, nafasi ya kuweka betri ndani ya gitaa, na zinataka poti zake (vile vizungushio vya voliumu na toni) za kilo-omu 25 na jeki ya stereo ambayo ndo inazima betri ukichomoa waya. Usiache waya umechomekwa usiku kucha.

Ya tano ndo zile kali, seramiki, kilo-omu 14 mpaka 16 na kuendelea. Kwa anayepiga roki kweli kweli ni nzuri sana. Kwa sebene na dansi siwezi kumshauri mtu, utakuwa unashusha voliumu muda wote kutafuta usafi ambao pikapu ya wastani inakupa bure.

Ya kuiacha dukani kabisa ni ile isiyo na jina, au yenye jina kubwa kwa bei ya ajabu. Uwe Kariakoo, uwe Nairobi umevuka Namanga, uwe unaagiza kwa simu na kuletewa na basi, omba kuigeuza uione chini au utumiwe picha. Singo koili iliyoandikwa alniko alafu chini ina kipande cha sumaku kimegundishwa, hiyo ni seramiki, kwenye alniko za Strato zile nguzo zenyewe ndo sumaku. Nenda na mita ya fundi, weka kwenye omu: singo koili isome kilo-omu 5.5 mpaka 7 hivi, ikisoma OL waya umekatika ndani, rudisha hapo hapo. Ukiichomeka ipigepige kidogo na kucha, ikilia kama maikrofoni haijazamishwa vizuri kwenye nta na itapiga mluzi ukipandisha voliumu.

Kabla ya kulipa pima nafasi kutoka katikati ya uzi wa E mnene mpaka katikati ya E mwembamba pale pikapu inapokaa. Hambaka zinakuja za milimita 49 hadi 50 na za 52 hadi 53, chagua inayokaribia ya kwako ili nyuzi zipite juu ya nguzo.

Kufunga sio lazima umtafute fundi magitaa, fundi redio mzuri pale Kilombero au Ngarenaro hapa Arusha anaweza, mradi umpe mchoro. Nunua na poti mpya kwa wakati huo huo, kilo-omu 250 kwa singo koili, 500 kwa hambaka, zilizoandikwa A mbele ya namba. Hambaka kwenye poti za 250 inafifia na mtu anaishia kulaumu pikapu. Na rangi za waya hazifanani kati ya watengenezaji, mwambie fundi kabisa: Seymour Duncan mweusi ndo unaopeleka sauti, mweupe na mwekundu vinaunganishwa pamoja, kijani na ule usio na plastiki vinaenda athi. DiMarzio mwekundu ndo wa sauti, mweusi na mweupe vinaunganishwa, kijani na ule mtupu athi. Ukichanganya hambaka mbili za kampuni tofauti na zikiwa pamoja sauti inakuwa nyembamba kama inatoka kwenye simu, koili zinapingana, fundi ageuze waya za moja tu.

Za zamani zikitoka usimwachie fundi, zifunge kwenye mfuko uziandike ipi ilikuwa ya wapi, siku ukiuza gitaa unazirudisha na zile nzuri unahama nazo kwenye gitaa linalofuata.