Uzoefu wangu: kipochi cha simu na drai begi, baada ya simu yangu kuzama Mafia

Hili jambo nimekaa nalo zaidi ya mwaka bila kuliandika maana kila nikianza roho inaniuma, ila juzi dada mmoja kazini kaniuliza anunue kipochi gani cha kukinga simu na maji, anaenda kisiwa cha Mafia na wanawe kuangalia papa potwe, wale papa wakubwa wenye madoa, nikaona bora niandike yote mara moja asome na wengine wasome.

Safari ya kwanza ilikuwa Desemba. Tulivuka kutoka Nyamisati mpaka Kilindoni, mimi, mama watoto na watoto wawili, kesho yake asubuhi tukapanda boti ya fiba kwenda kuwatafuta. Papa potwe upande ule wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka kama Februari, wanafuata uduvi na dagaa, na ndiyo maana maji yake hayana ule weupe wa kwenye picha, yana ukungu, mita chache tu chini huoni kitu. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Simu ilikuwa kwenye kile kipochi cha plastiki cha kuvaa shingoni, cha elfu tano, vinauzwa kila mahali. Sitakisingizia, maji kilikuwa hakiingizi, nilikijaribu nyumbani kwenye beseni na tishu ndani ikatoka kavu. Nilichokosea ni kwamba niliikamua hewa yote itoke ili plastiki ikae vizuri juu ya kioo niweze kugusa na kupiga picha. Kumbe hewa ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Samaki akapita ubavuni kabisa, mkubwa, mita sita saba hivi, mgongo wote madoa meupe, watu wote wakakimbilia upande mmoja boti ikalala, mimi nikainama kumshika binti yangu mkono asipitilize, ile kamba ikapita kichwani ikatoka. Nikaiona inashuka. Haikwenda kama jiwe, ilikuwa inashuka taratibu inapindukapinduka, kioo bado kinawaka maana nilikuwa narekodi, halafu ule ukungu ukaimeza. Kijana wa boti alipiga mbizi mara nne, Mungu ambariki, mara ya nne akatoka anatikisa kichwa, anasema chini haoni hata mkono wake na mkondo umeshatusogeza, hata pale ilipoangukia hatupo tena.

Simu inanunulika. Laini niliirudisha Dar siku mbili baadaye kwa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na alama za vidole, pesa za kwenye laini nikazikuta zote. Lakini humo mlikuwa na sauti za baba yangu. Baba alifariki miaka miwili kabla ya hapo na hakuwa mtu wa kuandika, yeye ni voisi tu, kila jioni, "mwanangu umeshafika nyumbani? Umekula?" na nyuma unasikia redio yake na kuku wa jirani. Mamia. Bakapu, ile ya kuhifadhi nakala mtandaoni, sikuwahi kuiwasha hata siku moja, kila ikiniuliza nasema baadaye. Nilichookoa ni voisi tisa ambazo marehemu alizituma kwenye grupu la familia, dada yangu alikuwa nazo. Tisa. Kwa hiyo nikisema hapa chini kwamba kitu fulani kina thamani ya elfu kumi na nane, mjue naipima na nini.

Haya, mwaka huu kabla ya kurudi tena Mafia nikaamua kununua vitu kwa akili. Nilichukua vitu viwili Kariakoo, kipochi cha simu ambacho pembeni kimezungushiwa sponji ili kielee, 18,000, na drai begi, lile begi lisiloingiza maji ambalo mdomo wake unakunjwa, la lita 20 la plastiki nene ya PVC, 40,000. Majina ya kampuni siyataji maana yanafanana yote na nadhani mengine yanatoka kiwanda kimoja, angalieni vitu ninavyovisema siyo chapa.

Kipochi kwanza. Nilichukua simu mbovu ya zamani yenye uzito kama wa simu yangu, gramu 200 hivi, nikaiweka kwenye kile cha zamani cha elfu tano (nilikuwa na kingine cha mke wangu), nikakamua hewa, nikatupia kwenye ndoo, ikazama palepale. Nikakifungua nikaacha hewa kama nusu glasi hivi, ikaelea. Yaani hewa nusu glasi tu! Nilikaa pale chini karibu na ndoo nikajisikia vibaya sana. Halafu kile chenye sponji, hata ukikikamua kinaelea, na kinaelea kioo kikiwa juu. Nikakizamisha kwa tofali nusu saa na tishu ndani, tishu ikatoka kavu.

Ila msichanganye, hewa na sponji siyo kitu kimoja. Ukizama na kipochi cha hewa mpaka mita 10 maji yanaibana ile hewa inabaki nusu ya ilivyokuwa juu, kwa hiyo kitu kilichokuwa kinaelea kwa shida pale juu ukikiachia huko chini kinaendelea kushuka. Sponji nayo inabanwa ila siyo kama hewa tupu. Kama wewe ni wa kukaa juu ya boti, vyovyote sawa, kama unapiga mbizi chukua chenye sponji na bado ukifunge kwenye mwili. Na yale maandishi ya IP68 kwenye boksi la simu, ya kusema simu haiingizi maji, yasikudanganye, kipimo chake ni maji baridi, chumvi haimo, na hakuna mahali wanasema simu itaelea.

Ubaya wa hiki chenye sponji: ni kinene, kugusa kioo kupitia ile plastiki kikiwa kimelowa ni kazi, picha unapiga kwa kitufe cha sauti. Na kamba yake ya shingoni ina klipu ambayo ikivutwa kwa nguvu inaachia, nadhani wameiweka usinyongwe, sasa hapo kwangu nimeikata nikafunga kamba ya kawaida naizungushia kiunoni kwenye lupu za suruali, siyo shingoni tena. Shingoni ukiinama tu kwisha habari.

Sasa drai begi, hili ndilo lina hadithi. Februari, kaskazi inapuliza, tulikuwa Utende upande wa Ghuba ya Chole, tumetoka kwenye fungu la mchanga na mashua yenye mashine. Wakati wa kushuka maji yalikuwa yameshaanza kutoka, na ilikuwa bamvua, maji yanatoka mbali sana, kwa hiyo mashua haikuweza kusogea ufukweni ikabidi tuhamie kwenye dau dogo. Mama watoto akampa baharia begi, baharia akalishika kwenye mkanda, mkanda ukaachia pale uliposhonwa, begi likaingia majini na mkondo ukalichukua kuelekea nje. Ndani mlikuwa na miwani yake ya macho, vitambulisho, nguo za watoto, dawa ya pumu ya mdogo. Dawa ya pumu ndiyo iliyonifanya nitake kuruka.

Nahodha akanizuia kwa mkono kifuani. Akamwambia binti yangu, "We mwanangu, nyoosha kidole kwenye begi, usikitoe, usinitazame mimi, tazama begi tu." Basi mtoto akasimama amenyoosha kidole kama mshale, mashua inageuka yeye anageuka nayo, kidole hakitoki. Na kweli sisi wengine tulilipoteza mara mbili, maana begi lenyewe nililinunua la bluu, la rangi ya machungwa lilikuwa limeisha nikasema si begi tu, jamani BLUU BAHARINI, katikati ya mawimbi halionekani kabisa. Kilichosaidia ni kipande cha kanga nyekundu ambacho mke wangu alikifunga kwenye lile pete la juu ili asichanganye begi letu na la watu. Tulipokaribia nahodha akazima mashine ili pangaboi isije ikanasa mkanda, tukaachia mashua isukumwe na upepo mpaka pale, baharia akalivuta kwa upondo.

Lilikuwa limekaa majini kama dakika kumi. Dawa kavu, miwani kavu, vitambulisho kavu. Kanga ya juu kabisa ilikuwa na unyevu kidogo na hilo ni kosa letu, tulikunja mdomo mara mbili tu kwa haraka, inatakiwa tatu au nne, na kabla ya kukunja acha hewa ndani lijae kama mto, usilishindilie. Nimekuja kulijaribu tena kwenye pipa, ukikunja mara tatu halipitishi hata tone.

Kwa hiyo begi lenyewe, plastiki na mdomo wake, nalipa nyota tano. Mkanda nampa aliyeushona nyota moja, uzi mwembamba na kashona mstari mmoja tu. Nililipeleka kwa fundi viatu akashona upya kwa uzi wa nailoni msalaba, 2,000, na tangu hapo nimelining'iniza dukani kwangu na mchele kilo kumi ndani wiki nzima halijatikisika. Mkinunua fanyeni hivyo kabla ya safari. Rangi chukueni ya machungwa au njano, msubiri mzigo mwingine uje kama imeisha. Na mkiwa ndani ya boti lifungeni kwenye ubao wa kukalia, begi linaloelea bado linaondoka na maji.

Kuna watu bado wanafunga simu kwenye mifuko laini ya plastiki, sijui wanaitoa wapi maana imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Nawaomba sana msiipeleke kule. Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, na kasa wanataga kisiwa cha Juani hapo jirani, mfuko ukipeperuka kasa anaumeza. Simu yangu iko chini kule na betri yake na ninajua, inanisumbua.

Kipochi chenye sponji nyota nne, nyota moja nimeitoa kwa ile klipu. Dada wa kazini nimemwazima changu aende nacho, ila kabla sijampa nilimkalisha chini tukawasha bakapu kwenye simu yake, nikamchagulia ya kila siku, na kwa kuwa nyumbani kwake hana waifai nikamruhusishia itumie bando. Ilichukua kama dakika ishirini hivi kumaliza. Kumbe alikuwa na voisi za mama yake tangu 2019.