Kitabu gani cha QFT ununue? Anza na spina

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu cha QFT (quantum field theory, hesabu ya kwantamu ya chembe ndogo na nyuga zake), kabla uulize kipi ni kizuri jiulize ni spina (vile hesabu inaandika chembe zenye spini nusu kama elektroni) za aina gani utakuwa unapigia hesabu, juu hapo ndio vitabu vinaachana kabisa. Watu wa masters huku Nairobi hununua kile kinatajwa sana, halafu suvavaiza anawapea kazi ya nyutrino na wanakwama. Na si vitu utapata ovyo kwa duka za town, mengi ni ya vitabu vya shule, so unaagiza nje, unalipia usafiri juu ya bei, na ukikosea kurudisha ni shida nyingine.

Namba moja naweka Schwartz (2014), bila kusita. Anaanza na spina za Weyl, zile za komponenti mbili, za kushoto na za kulia, anazitoa kwa grupu ya Lorentz yenyewe (mizunguko na mabadiliko ya kasi ya relativiti), halafu anaziunganisha unapata spina ya Dirac ya komponenti nne, na mbele chapta ya 27 anakufunza heliciti (spini ukiipima kwa upande chembe inaenda) kwa gluoni, chembe zinazoshikanisha kwaki. Pesa ya kitabu kimoja, njia zote tatu.

Namba mbili ni Peskin na Schroeder (1995). Hiki ndicho watu wengi wamesomea, kwa hivyo ukikwama utapata mtu wa kukusaidia haraka, na kama kazi yako ni lupu (masahihisho ya juu) za QED, ile nadharia ya elektroni na mwanga, basi kipandishe kiwe cha kwanza. Matriksi za gamma, zile za spina ya Dirac, zinakubali kupelekwa kwa dimensheni d, vile lupu huhitaji, bila matata mengi (gamma-tano ndio msumbufu), lakini komponenti mbili zimefungwa kwa dimensheni nne.

Sasa tofauti yenyewe uione kwa hesabu moja, elektroni na pozitroni zinagongana zinatoa muoni mbili, masi tumezisahau. Kwa Dirac unajumlisha spini zote, unabaki na tresi mbili (tresi ni jumla ya diagonali ya matriksi), kila moja ina gamma nne, unazifungua, unazizidisha, vitu vingi vinakatana, unagawa kwa 4, inatoka 2e⁴(t²+u²)/s² (e ni chaji, s ni skwea ya nishati ya mgongano, t na u zinafuata pembe θ ya kutoka). Kwa heliciti, michanganyiko minne tu ndio haiendi sufuri, na kila mmoja amplitudo yake (ile namba ukiiskwea inakupa uwezekano) ni kipande kimoja, ukiskwea miwili inatoa 4e⁴u²/s² na miwili 4e⁴t²/s², jumlisha, gawa kwa 4, jibu ni lile lile. Ila hapa umeona pia ile 1+cos²θ inatoka wapi: u ni ya (1+cosθ), t ni ya (1−cosθ), kila moja ina heliciti zake. Tresi ilikuwa imekuficha hiyo, na mimi naona hiyo ndio fizikia yenyewe!

Kwa muoni unaweza vumilia tresi. Kwa gluoni huwezi. Gluoni mbili zikigongana zitoke nne, diagramu za Feynman (michoro ya njia mgongano unaweza kupitia) ni 220 hata kabla ya lupu, na Parke na Taylor mwaka wa 1986 waliandika jibu la heliciti zile rahisi kwa laini moja. Ukitaka kuzama huko ni Elvang na Huang, toleo la 2013 liko arXiv, ile tovuti ya makala za fizikia, bure, lakini kisiwe kitabu chako cha kwanza, kinaenda mbio sana.

Srednicki (2007) ni kizuri, chapta fupi fupi, komponenti mbili zimeelezwa polepole na indeksi zenye nukta (alama za spina za kulia) zote ziko, ila usikinunue, drafti ameweka mwenyewe kwa tovuti yake bure, chapisha tu zile chapta unahitaji na ufunge spairo. Wale wa nyutrino za Majorana (zile ambazo ni antichembe ya zenyewe) na supasimetria (wazo la kila chembe kuwa na mwenzake wa spini tofauti), dauniloadi makala ndefu ya Dreiner, Haber na Martin iko arXiv pia, hapo kila kanuni ya Feynman imeandikwa kwa komponenti mbili, hutahangaika na matriksi ya kugeuza chaji kila mara.

Kitu ya mwisho na tafadhali usiipuuze. Peskin na Schwartz wanatumia metriki (alama za muda na nafasi kwa hesabu ya umbali) ya (+,−,−,−), Srednicki na Elvang wanatumia (−,+,+,+). Ukichukua p kama momenta na m kama masi, kwa wa kwanza p² ni m², kwa wa pili p² ni −m², na s ya Elvang ina alama ya kutoa mbele. Ukichukua fomula ya huyu uweke kwa hesabu ya yule, jibu linaharibika polepole bila kelele na utalitafuta kosa usiku mzima. Dreiner na wenzake wametoa matoleo mawili, moja kwa kila metriki, so angalia kitabu ulichonunua ndio udauniloadi ile inalingana nacho.