Kampavani ya kukodi kutoka Nakuru hadi Elgon na Kisumu: kagua betri kabla ya godoro

Kwanza bei, maana ndiyo swali la kila mtu. Tulilipa shilingi 9,500 kwa siku, mafuta juu yetu, na amana ya 30,000 inayorudishwa gari likirudi salama. Gari lenyewe ni HiAce ya dizeli, gia za mkono, iliyoinuliwa paa. Ndani kuna kitanda cha watu wawili ambacho mchana hukunjwa kikawa kiti, jiko la gesi la vichomeo viwili, sinki, tangi la maji la lita 60, friji ndogo, na juu paneli ya sola. Tulilichukulia hapa Nakuru, tukapita Bogoria, Baringo, Bonde la Kerio, Iten, Cherangani, Mlima Elgon, Kakamega na Kisumu, tukarudi kwa njia ya Kericho. Mimi na mume wangu, basi. Ningekodi tena? Ndiyo. Lakini gari kama hili halikodiwi kwa ajili ya kitanda, na wenye kampuni hawatakwambia hivyo kwa sababu kitanda ndicho kinachopendeza kwenye picha.

Kilichotutia hamu ni zile video za watu na wapenzi wao wakiamka Norway au New Zealand, mlango wa gari wazi, mbele yao mto wa barafu. Mume wangu akauliza, "Na barafu yetu iko wapi?" Yetu iko Mlima Kenya peke yake, juu kabisa ambako hakuna gurudumu linalofika, tena inaisha: ile inayoitwa Lewis, ambayo imefuatiliwa tangu 1934, ilikuwa imepoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kufikia 2010. Huku magharibi barafu iliondoka zamani za kale, ila iliacha alama zake. Juu ya Elgon kuna mabonde yaliyochongwa kama mabakuli na vidimbwi vya maji baridi, vyote kazi ya barafu ya enzi hizo. Tukaona hiyo inatutosha. Milima tunayo, maziwa tunayo, na mahali barafu ilipokuwa tunapo.

Bogoria tuliipita mchana. Chemchemi zinatokota kama kawaida na flamingo walikuwepo kwa wingi, maana wengi waliokuwa Ziwa Nakuru walihamia huko maji ya Nakuru yalipopanda na kupoteza ile chumvi inayokuza chakula chao. Bogoria nayo imepanda, na sehemu ya barabara ya zamani ya kando ya ziwa iko chini ya maji. Kwa hiyo usije na ramani ya miaka ya zamani.

Baringo ndiko gari lilikojilipa. Tuliegesha Kampi ya Samaki, kwa mzee mwenye kambi ndogo ufukweni. Alituonyesha miti mikavu iliyosimama ndani ya ziwa: "Pale, binti yangu, ndipo magari yalikuwa yanapaki." Kuna hoteli za jirani zilizozama hivyo hivyo. Akatuelekeza tuegeshe juu zaidi, tufunge milango, na tusishuke gizani hata tukiitwa na nani. Usiku wa manane nikaamshwa na sauti ya kitu kinachochanwa. Nikachungulia dirishani: kiboko, mgongo unang'aa kwa mbalamwezi, pua kwenye nyasi, hatua chache tu kutoka kwa tairi la nyuma. Anang'oa nyasi kwa midomo, anapumua kwa nguvu, anasogea, anang'oa tena. Alikula kando ya gari mpaka tukamzoea. Ndani ya hema nisingelala; ndani ya bati nililala.

Hapo ndipo choo cha kubebeka kilipopata heshima yake. Kampuni inakitoza 500 zaidi kwa siku, na mume wangu alikuwa amekiita upuzi wa matajiri. Tangu Baringo sijamsikia tena.

Sasa barabara. Kutoka Marigat (nunua asali pale kando ya njia, ya Baringo haina mpinzani) unapanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, unashuka mpaka daraja la Chebloch chini ya Bonde la Kerio, halafu unapanda kona za Tambach hadi Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lami ni nzuri. Kazi iko kwenye uzito. Tangi likijaa ni kilo 60 za maji, ongeza mtungi wa gesi, chakula, makabati ya mbao na watu wawili wasio wembamba, na ile HiAce inapanda Tambach kwa gia ya pili ikilalamika njia nzima. Mwaga maji ukiwa bondeni, ujaze tena juu. Kushuka, weka gia ndogo mapema na uache injini ishike gari. Tulipita lori limesimama kando, moshi unatoka magurudumuni, dereva amekaa kwenye jiwe akisubiri breki zipoe. Gari la kulala halina uzito wa lori, lakini mteremko ni ule ule.

Iten tulijifunza habari ya jiko. Maji huko juu yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yatatokota weee na hayaivi. Githeri yetu ilikula gesi ya jioni nzima na bado mahindi yalikuwa yanagoma. Kwa milimani beba chakula kilichokwisha kuchemshwa nyumbani, au sufuria ya presha, au kubali mayai na chapati za hotelini. Wale wakimbiaji wanaokupita alfajiri barabarani hawaonekani kudhurika na chapati.

Shida kubwa ya gari ilijitokeza Cherangani. Tuliambiwa betri ya ndani itabeba friji na taa usiku mbili bila kuwasha injini. Ukungu uliposhuka upande wa Kapsowar, sola haikuona jua, na usiku wa kwanza tu, saa nane, friji ikaanza kulia pi-pi-pi, taa zikafifia, kisha giza. Maziwa yakaganda, nyama tukamgawia mbwa wa jirani. Nilipopiga simu nikajibiwa, "Mama, washa injini nusu saa." Nusu saa ya kunguruma saa nane za usiku, kwenye boma la watu waliotukaribisha bure!

Fundi mmoja wa jua kali mjini Kitale alifungua kifuniko cha chini ya kiti na kucheka. Ilikuwa betri ya kawaida ya kuwashia gari. Betri ya aina hiyo imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe mara moja. Ukiitumia kulisha friji polepole usiku kucha inaishiwa, na ukirudia hivyo mara kadhaa inakufa kabisa. Inayotakiwa ni betri ya sola, ile inayovumilia kuishiwa na kujazwa. Nilipiga picha ya lebo nikawatumia. Baada ya mabishano marefu ya WhatsApp wakapunguza ada ya siku moja, nami nikaona wamejitahidi. Ila wewe usingoje kufika Kitale. Siku ya kuchukua gari omba kifuniko kifunguliwe, soma lebo, washa friji na uiache ikifanya kazi mkiandika mkataba. Godoro utalikagua baadaye. Godoro bovu ni mgongo tu.

Cherangani yenyewe lakini! Hii ndiyo sehemu ningerudia kesho. Si milima ya volkeno kama Elgon au Longonot, ni miinuko ya mawe ya kale, na ukisimama ukingoni unaliona Bonde la Kerio lote limelala chini. Asubuhi nilifungua ule mlango wa kando ili niteke maji ya chai, nikakuta kina mama watatu wamekaa kwenye nyasi na watoto mgongoni. Mmoja akasimama: "Mwanangu, chanjo mtaanza saa ngapi?" Gari jeupe, dirisha la pembeni, sinki ndani. Nani angewalaumu? Tukawapa chai, wakatupa mursik, yale maziwa ya mgando ya Kikalenjin, na mume wangu akapimwa kwa macho kama daktari asiye na sindano.

Elgon unaingia kwa kupitia Endebess hadi lango la Chorlim. Malipo ya mbuga ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, pesa taslimu hawapokei, kwa hiyo lipia mjini kabla mtandao haujaanza kusuasua. Gari letu halikuwa la kuvuta magurudumu yote, na barabara za ndani za mlima zikilowa ni sabuni. Tuliegesha kwenye uwanja wa kambi karibu na lango, tukatembea na askari wa wanyamapori. Ukitaka kukaribia kilele cha Koitobos, mita 4,222, kodi Land Cruiser yenye hema la juu, usibahatishe na hii.

Tulifika pango la Kitum, lile ambalo ndovu huingia usiku na kukwangua kuta kwa pembe ili wapate chumvi. Alama za pembe zinaonekana wazi ukutani. Mume wangu alibaki mlangoni, akanikumbusha kwamba watu wawili waliozuru pango hilo, mmoja 1980 na mwingine 1987, walipatwa na homa ya Marburg, na popo bado wamo. Nilitazama kutoka mlangoni pamoja naye.

Usiku wa Elgon ni baridi kweli, na hapa ndipo utaijua insulesheni, yaani kinga ya baridi, ya gari lako. Letu lilikuwa limezibwa vizuri kuta, paa hapana. Pumzi za watu wawili zilipanda, zikagusa bati, zikageuka matone, na saa kumi alfajiri tone la kwanza likaniangukia jichoni. Dawa ni kuacha kidirisha wazi kidogo hata kama unatetemeka, na kuning'iniza shuka juu ya kitanda. Mablanketi ya kampuni ni mepesi. Beba lako.

Kutoka Kitale tulishuka na Mto Nzoia, ambao huanzia Cherangani na Elgon na kuishia Ziwa Victoria, kwa hiyo kwa namna fulani tulikuwa tunafuata maji yale yale tuliyonywea chai. Usiku uliofuata tulilala kituo cha mafuta Webuye, katikati ya malori ya kwenda Uganda. Soja alichukua 200, akaweka kiti chake karibu na mlango wetu, na tulilala salama kabisa, ingawa kelele zilikuwepo. Msitu wa Kakamega tuliupita haraka kwa sababu ya mvua. Mbega tuliwaona, nao walituona.

Kisumu gari lilitufedhehesha kidogo. Paa lililoinuliwa halipiti kwenye vizuizi vya maegesho ya chini ya majengo, kwa hiyo tulizunguka mjini tukitafuta pa kusimama. Pima urefu wa gari, uandike kwenye karatasi na ubandike mbele ya dereva. Tukaishia Dunga, kwenye kiwanja cha mtu, gugu maji limejaza ukingo wa ziwa, mbuta wa kukaanga na kuon (ugali) mezani. Chakula kilikuwa kizuri kuliko vyote vya safari, lakini ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini, na neti za madirisha zilikuwa zimeshikwa kwa gundi ya kubandika na kubandua iliyokwisha nguvu pembeni. Tulizishona kwa uzi wa meno. Ukiwasha taa, wadudu wa ziwani nao wanakuja kwa maelfu, wanaingia hadi kwenye chai. Kula kabla ya giza.

Je, ni nafuu kuliko hoteli? Ukijumlisha mafuta, kambi, choo cha kukodi na gesi, si sana. Kwa watu wawili wanaolala gesti za kawaida na kusafiri kwa matatu, hoteli ni rahisi zaidi. Faida yako ni kuamka mahali ambapo gesti haipo: ukingoni mwa Kerio, ufukweni Baringo, chini ya Elgon. Ukilala miji mitupu umetupa pesa. Na kama nyinyi wawili hamwezi kunyamaza pamoja kwenye chumba cha mita tano kwa mbili huku mvua inapiga bati, hilo gari litawapa majibu mapema.

Siku ya kurudisha, jamaa wa kampuni alizunguka gari na tochi mchana kweupe, akaona mkwaruzo wa bampa ya nyuma. Nilikuwa na picha za siku ya kuchukua, zikiuonyesha mkwaruzo huo huo, akafunga daftari. Amana ikarudi kwa M-Pesa jioni hiyo, yote isipokuwa 1,500 za kuosha gari. Mkataba ulikuwa umezitaja, na kwa tope lile la Endebess sikuwa na la kusema.