Kikaangio cha hewa baada ya miezi 14: nilichotarajia na nilichopata

Chipsi zangu za kwanza zilitoka na rangi mbili. Za juu zilikuwa kahawia hadi zimeanza kuungua nchani, za chini nyeupe na zimelegea kama viazi vya kuchemsha. Nilikuwa nimejaza kikapu karibu hadi ukingoni, kwa kuwa boksi liliandikwa lita 4 nami nikaamini kwamba hizo ni lita 4 za chakula. Wiki ile ile nilitaka kukirudisha dukani. Leo ni miezi 14, na hakuna chombo jikoni kwangu kinachowashwa mara nyingi kuliko hiki, ingawa kuna vyakula ambavyo sivipiki humo tena. Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kununua, ajue hasa anachonunua.

La kwanza lingeniokolea mwezi mzima: chombo hiki hakikaangi. Jina linatupoteza. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Juu kuna koili inayopata moto, na karibu nayo feni inayoisukuma hewa ya moto kwa kasi kuzunguka chakula, nacho chakula kimekaa kwenye kikapu chenye matundu ili hewa ipite hadi chini. Oveni kubwa zenye feni zilikuwepo miaka mingi kabla ya Philips kuingiza sokoni kikaangio chao mwaka 2010. Kilichoongezeka ni udogo wa chumba. Chumba kikiwa kidogo kinapata moto ndani ya dakika 3 hivi, na upepo unakipiga chakula kutoka karibu.

Sasa linganisha na karai. Mafuta yenye joto la nyuzi 175 hadi 190 yanakikumbatia chakula pande zote kwa wakati mmoja na kukipa joto haraka mno. Hewa, hata ikifika nyuzi 200, haina uwezo wa kubeba joto kiasi hicho. Ndiyo sababu chipsi ambazo kwenye mafuta ziko tayari ndani ya dakika chache, humu zinanichukua dakika 18 hadi 22. Na ndiyo sababu ladha hailingani. Kitu kilichokaangwa kwenye karai kina ladha ya mafuta yenyewe, yameingia kwenye gamba lake. Cha hewa kiko karibu zaidi na cha kuoka. Kwangu ni kitamu, na siku nyingine nakipenda zaidi, lakini anayengoja ladha ya karai ataudhika kila mara anapovuta droo.

Chipsi nilizipata baada ya majaribio mengi, na nitazieleza kwa urefu kwa sababu ndizo watu wengi wanazinunulia chombo hiki. Kata viazi kwa unene unaolingana. Vilowe kwenye maji baridi nusu saa, uvisuuze hadi maji yatoke maangavu bila utando wa wanga. Kisha vikaushe kwa kitambaa, na hapa usifanye haraka. Kiazi chenye unyevu kinatumia dakika zote za mwanzo kufukuza maji, na maji yakiwa bado yanatoka, ngozi ya kiazi haipandi zaidi ya nyuzi 100 au zaidi kidogo, kwa hiyo hakuna rangi wala gamba. Pakaa mafuta kijiko kimoja cha chakula, uchanganye kwa mikono mpaka kila kipande king'ae. Mimi naanza na nyuzi 180 kwa dakika 12, natikisa kikapu, napandisha hadi 200 kwa dakika 7 au 8, natikisa tena katikati. Chumvi naitia mwishoni. Zinatoka kavu nje, laini ndani, na zinabaki hivyo kwa dakika kama 10. Baada ya hapo zinalegea, kwa hiyo watu wawe mezani.

Za kugandishwa zinazouzwa kwa pakiti hutoka vizuri bila taabu hii yote, na nilishangaa mpaka niliposoma pakiti: zimekwisha kukaangwa kidogo kwenye mafuta kiwandani. Hivyo picha nzuri unazoziona mara nyingi ni za chakula ambacho mafuta yake yaliingia mapema. Si kosa, ila ukihesabu mafuta unayokula, hesabu na hayo.

Kuhusu afya, nitasema kile ninachoweza kukisimamia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina gramu 14 hivi, karibu kalori 120, na kijiko hicho kinagawanywa kwa sisi watu 5. Hiyo ni tofauti ya kweli na karai, na kwa sisi ambao tulikuwa tunakaanga mara tatu kwa wiki ilikuwa sababu tosha. Lakini chombo hakikigeuzi chakula kuwa kingine. Soseji inabaki soseji. Pia vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkavu unaozidi nyuzi 120 hutengeneza akrilamidi, kemikali ambayo wanasayansi wa Sweden waliitangaza kuwepo kwenye vyakula mwaka 2002 na ambayo inashukiwa kuchangia saratani. Hewa ya moto haiizuii isitokee. Kuloweka viazi kunaipunguza, na kuvitoa vikiwa rangi ya dhahabu badala ya kahawia iliyokolea kunaipunguza pia. Tangu nilipolijua hilo siachi tena zile chipsi za mwisho ziendelee kukolea eti kwa sababu zinavunjika vizuri.

Chombo kinapong'aa hasa ni kwenye mapaja ya kuku yenye ngozi. Yakaushe kwa karatasi, tia chumvi na viungo, yapange ngozi ikiwa chini kwanza, nyuzi 190, geuza katikati, dakika 25 kwa jumla. Mafuta ya kuku yenyewe yanayeyuka, mengine yanadondoka chini, na ngozi inabaki nyembamba, kavu, inalia ukiitafuna. Sijawahi kupata ngozi kama ile kwenye oveni yangu kubwa bila kukausha nyama. Ila mara ya kwanza rangi ilinidanganya: nje palikuwa pamekamilika, karibu na mfupa bado damu. Upepo ule unapaka rangi haraka kuliko joto linavyoingia ndani. Nikanunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, na sasa sitoi kuku kabla katikati pake hapajafika nyuzi 74. Kama bajeti yako inaruhusu kitu kimoja cha ziada, kiwe hicho, siyo zile seti za vyombo vya silikoni.

Samaki wa minofu, dakika 8 hadi 10, vizuri sana. Koliflawa, karoti, biringanya zilizopakwa mafuta kidogo, vizuri pia. Mayai ya kuchemsha bila maji watu huyasifu; yanaiva, lakini sufuria inafanya kazi hiyo hiyo kwa uhakika zaidi, kwa hiyo siyapiki humo.

Kinachoshindikana kabisa ni rojo. Nilichovya samaki kwenye rojo la unga na maji, kama ninavyofanya kwa karai, nikaweka kikapuni. Kwenye mafuta rojo linakamatwa na kukauka mara tu linapozama. Kwenye hewa hakuna cha kulikamata. Likachuruzika kupitia matundu, lililobaki likaganda na kikapu, samaki akatoka ngozi mbili, moja ikiwa imebaki kwenye chuma. Badala yake pitisha samaki kwenye unga mkavu, kisha yai, kisha chenga za mkate, ubonyeze zishike, na upake mafuta kidogo juu. Usipopaka, unga unabaki mweupe na mkavu mdomoni hata baada ya dakika 20.

Vitu vyepesi navyo vinaruka. Majani ya mboga, kipande cha jibini kilicholazwa juu ya mkate, na zaidi ya yote karatasi ya kuokea. Niliwahi kuweka karatasi peke yake wakati chombo kinapata moto, feni ikainyanyua ikagusa koili, jikoni kukajaa harufu ya kuungua. Nilizima kwa wakati, lakini kingeweza kuwaka. Karatasi iingie na chakula juu yake, daima.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia, na ambacho peke yake kingenitosha kukinunua, ni kupasha viporo. Chipsi za jana, kuku wa jana, kipande cha piza kilicholala kwenye friji: nyuzi 170, dakika 4 au 5, na gamba linarudi. Maikrowevu hupasha kwa kuyachemsha maji yaliyomo ndani ya chakula, na mvuke ule ndio unaolegeza kila kitu. Hewa kavu inafanya kinyume. Mkate uliokuwa umeanza kukakamaa, nyunyizia maji kidogo, dakika 3, unakula kama wa asubuhi. Nyumbani kwetu chakula kinachomwagwa kimepungua wazi, na watoto wanapasha wenyewe bila mimi kuogopa mafuta ya moto.

Ukubwa ndio jambo ninalolijutia. Lita zinazoandikwa kwenye boksi ni ujazo wa nafasi yote, lakini chakula kinataka kulala tabaka moja, au mawili mepesi kwa chipsi. Kikapu changu cha lita 4 kinachukua mapaja 4 ya kuku. Sisi ni 5. Hivyo chakula cha jioni ni mizunguko miwili, wakati mwingine mitatu, na zile dakika 20 za kwenye matangazo zinakuwa saa nzima, wa kwanza kula akiwa amemaliza kabla wa mwisho hajaanza. Ningekuwa nanunua leo ningetazama upana wa sakafu ya kikapu kabla ya lita: kikapu kipana chenye kina kifupi kinashinda kirefu chembamba. Mtu mmoja au wawili, lita 3 hadi 4 zinatosha. Familia, anza lita 6. Zile zenye droo mbili zinavutia, ila angalia kila droo peke yake ni ndogo kiasi gani. Kuku mzima huenda asiingie.

Umeme: changu kina wati 1,500. Kikifanya kazi dakika 20 mfululizo kinakula nusu yuniti kwa kiwango cha juu kabisa, na kwa kawaida chini ya hapo kwa sababu koili inajizima na kujiwasha. Kwa chakula kidogo kinaishinda oveni kubwa bila ubishi. Ukipika mizunguko mitatu, faida hiyo inayeyuka, na oveni ingeweza kupika vyote kwa pamoja. Kichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Nilipokiunganisha na ekstensheni nyembamba, waya ulipata joto nikausikia kwa mkono. Nyuma yake acha nafasi ya upana wa kiganja, kwa kuwa hewa ya moto inatokea huko. Kelele ni ya feni, unazungumza kwa sauti ya kawaida ila simu hupokelei jikoni.

Usafi unahitaji moyo. Kikapu kina utando usionata, na wangu ulianza kubanduka mwezi wa 9 kwa sababu nilikuwa nasugua kwa steelwaya. Loweka kwa maji moto na sabuni, tumia sponji laini. Mafuta ya kopo ya kupulizia niliyaacha. Mengi yana lesithini, kiungo cha kuzuia chakula kisinate, ambayo huganda na kuwa gundi ya kahawia isiyotoka. Natumia brashi na mafuta ya kawaida. Kila wiki mbili nakigeuza kikiwa baridi na nimekichomoa, nafuta eneo la koili kwa kitambaa chenye unyevu, maana mafuta yaliyorukia huko ndiyo yanayotoa moshi siku za mbele. Nyama yenye mafuta mengi nayo inatoa moshi mafuta yakiungulia chini ya kikapu; vijiko vichache vya maji kwenye droo vimenitatulia hilo. Na kama unafuga ndege ndani ya nyumba, kiweke mbali nao kabisa au tafuta chenye kikapu cha kauri au cha chuma cha pua, kwa sababu utando wa aina ya teflon ukipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege.

Karai langu sijalitoa. Linatoka kabatini kama mara moja kwa mwezi, siku ya samaki wa rojo, na siku hiyo kikaangio kinapumzika mpaka kesho yake, viporo vitakapohitaji kupashwa.